Marehemu Apanda Jukwaani

Ikiwa gazeti lako la Jumapili iliyopita liliishia kufungia nyama buchani, usijali, hili ndilo ulilokosa. Peres Awino, mwenye miaka thelathini na mmoja, muuzaji wa miwani katika duka moja la Westlands, alitembelewa na mama wa mchumba wake siku moja kabla ya siku waliyokubaliana. Mgeni alimkuta amesukwa nusu kichwa, gesi imekwisha ugali ukiwa bado uji, na mifereji ya Mountain View, mtaa anakoishi, imekauka tangu Jumatano.

Hayo yalipita. Mgeni huyo, Mama Selpher, alicheka, akaazima jiko la makaa kwa jirani, akasonga ugali mwenyewe. Peres alilala akiamini kwamba balaa lake la mwezi huo limekwisha.

Lililobaki lilikuwa moja tu. Babake Peres alikuwa amekufa, na hakuwa amekufa.

Uongo huo ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Ulizaliwa kwenye mkahawa, siku ya pili ya Peres kutoka na Quincy, ambaye sasa ndiye mchumba wake. Quincy ni fundi wa lifti, mtu mpole ambaye hata akikasirika huomba radhi kwanza. Siku hiyo alimsimulia jinsi babake alivyougua sukari mpaka wakamzika. Kisha akamuuliza Peres kuhusu babake yeye.

Peres angeweza kusema ukweli. Angesema kwamba Odero Wasonga, mchora mabango na mwigizaji, aliiacha nyumba yao ya Kangemi yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, akafuata kikundi cha maigizo kilichozunguka shule hadi shule. Mwanzoni alikuwa akirudi na zawadi. Baadaye akawa anarudi mikono mitupu. Mwishowe hakurudi. Mama yao, Veronicah, alingoja miaka miwili, akawaketisha watoto, akawaambia kwamba mtu huyo wamhesabu amekufa.

"Na yeye alikufa," Peres alisema.

Quincy aliuliza ni lini. Peres akataja tarehe ya kwanza iliyomjia, kumi na nne Agosti. Quincy akauliza ni nini kilimuua. Peres akasema basi lilibingirika. Tangu hapo, kila tarehe kumi na nne Agosti Quincy humletea maua, wakaketi kumkumbuka marehemu, Peres akitazama vidole vyake vya miguu.

Mara mbili alijaribu kukiri. Mara ya kwanza simu ya Quincy ililia, kwamba kuna watu wamekwama kwenye lifti orofa ya tisa. Mara ya pili Quincy alikuwa amemshika mkono kwa upole hivi kwamba ukweli ungetoka kama tusi. Akaahirisha.

Jumamosi asubuhi Mama Selpher alitoka chumbani amevaa gauni la maua na raba nyeupe za kukimbilia. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Malava, kule Kakamega, na hakutaka kupelekwa kwenye maduka ya Westlands. Maduka hata Kakamega yapo, alisema. Alitaka kuuona mji kwa miguu yake.

Quincy alikuwa amejiandaa. Alimfahamu kijana anayeitwa Zaki, ambaye familia yake ilitoka Lamu ikafungua duka la vitambaa pale Biashara Street. Siku za wiki Zaki hupima vitambaa. Jumamosi huwatembeza watu katikati ya jiji kuwaonyesha picha zilizochorwa kutani.

"Shikamoo, mama," Zaki alisema, akainama kidogo.

Mama Selpher aliitikia marahaba huku akimtazama Peres na Quincy kama anayeuliza mbona wao hawasalimii hivyo.

Ilikuwa asubuhi ya jua lisilochoma. Wenye ofisi hawakuwepo, na mji ulikuwa umewaachia watembezi nafasi. Zaki aliwapitisha uchochoroni nyuma ya benki, na hapo ukutani alisimama korongo mrefu kuliko lori, amevaa tai, amebana faili kwapani, anasubiri basi.

Mama Selpher alitaka kujua korongo ana kazi gani na faili. Zaki akamwambia kwamba wale korongo wa juu ya miti ya barabara kuu walifika jijini kabla ya watu wengi, kwa hiyo si vibaya nao wakiajiriwa. Mama akacheka mpaka akamshika Peres mkono asianguke. Peres naye akacheka. Alianza kufikiri kwamba huenda wikendi ikapita salama.

Waliona mwanamke wa orofa tatu aliyechorwa anasuka nywele za mtoto, na msuko wenyewe ukishuka ukutani hadi kwenye lami. Mama Selpher alipigwa picha ameketi juu ya msuko. Waliona mlango wa chuma uliojaa samaki. Waliona ukuta mweupe usio na kitu, na Mama akauchunguza kwa muda mrefu kabla ya Zaki kumweleza kwamba huo haujachorwa bado.

River Road iliwachelewesha. Mama hakuweza kupita duka la vifaa vya ujenzi bila kuingia. Alitoka duka la tatu na bawaba mbili za mlango wa banda la kuku, ameridhika kama aliyepata cheo.

Hapo ndipo Zaki aliposimama na kunyoosha kidole juu.

"Watu huja kuona picha mpya," alisema. "Lakini mimi huwaleta hapa pia. Hawa wachora mabango ndio waliotangulia. Hawakuitwa wasanii, ila tazameni mkono huo."

Juu ya mlango wa gesti kuukuu palikuwa na bango la mbao. Simba alikuwa amelala kitandani, shuka hadi kifuani, makucha yamekunjwa kwa adabu. Chini ya kitanda, zimepangwa sawasawa, zilikuwa ndara mbili za buluu.

Peres alilijua bango hilo.

Alikuwa na miaka minane siku bango hilo lilipochorwa. Yeye ndiye aliyeshika kopo la rangi chini ya ngazi. Alikuwa ameuliza kama simba hulala na viatu, na babake akashuka ngazi akicheka, akamwinua juu mara moja, akapanda tena na kuchora zile ndara. Akamwambia kwamba kazi hiyo sasa ni ya watu wawili.

Quincy alikuwa anasoma maandishi madogo kwenye kona. "Odero Arts. Peres, si ni kama jina la mzee wako?"

"Kina Odero ni wengi."

"Marehemu alikuwa anachora?"

"Kidogo tu," Peres alisema. Hilo angalau lilikuwa karibu na ukweli.

Zaki, ambaye hakujua lolote, akaendelea na maelezo yake. Alisema mchoraji mwenyewe yuko hai na nguvu anazo. Mwezi uliopita tu alikuja kuipaka rangi upya shuka ya simba, akapanda ngazi mwenyewe na kukataa kusaidiwa. Zaki alitaka kumhoji, lakini mzee alisema anawahi mazoezi, akaondoka na brashi yake mfukoni.

Peres alijikuta anauliza ni mazoezi ya nini. Zaki hakujua.

Hakuwa amelia kwa ajili ya babake tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, na hakulia hapo. Kwanza alifurahi, furaha ya ghafla kama ya mtoto. Halafu hasira ikaifunika. Mtu ambaye ana muda wa kupanda ngazi kumbadilishia simba shuka angeweza pia kupanda gari la Kangemi. Na baada ya hasira ikaja hofu, kwa sababu Quincy alikuwa bado anaisoma ile kona.

Akasema ana njaa.

Zaki aliwaacha kwenye mkahawa mdogo wa watu wa pwani, wakaagiza mbaazi za nazi na mahamri. Mama Selpher alikula kwa utulivu, akafuta vidole kimoja kimoja, halafu akaweka mikono mezani kama anayefungua kikao cha walimu.

"Peres, mwezi ujao tunakuja kwenu Ugenya kujitambulisha kwa wazee wenu. Lakini mimi siwezi kuketi na ndugu za marehemu kabla sijasimama penye kaburi lake. Ndivyo nilivyolelewa."

"Kaburi halijajengwa, Mama."

"Tutalijenga. Quincy anajua watu wa simiti."

"Liko mbali na barabara."

"Nina raba."

Quincy alimgusa Peres bega, akamwambia mamake kwamba jambo hilo bado linamuuma. Mama akaitika kwa huruma, akasema ndiyo maana linafaa kufanywa sasa. Kabla ya chai kumiminwa alikuwa ameshampigia simu binamu wa Quincy kuulizia mifuko sita.

Usiku huo Peres aliamua. Jumapili, baada ya kanisa, angemwita Quincy kando, asimame imara, amwambie yote. Alipanga hata sentensi ya kwanza.

Baada ya kanisa Mama Selpher alimshika mkono mmoja na Quincy akamshika wa pili, wakapelekana hivyo hadi Westlands. Quincy alikuwa amenunua tiketi za mchezo wa kuigiza, mchezo wa nje, kwenye bustani ya nyumba moja ya sanaa nyuma ya barabara kuu. Alisema mamake hajawahi kuona maigizo yasiyo ya wanafunzi. Peres alifikiri kwamba angalau kwenye mchezo watu hawazungumzi, angepata muda wa kutengeneza vizuri sentensi yake.

Watu waliketi kwenye mikeka juu ya nyasi. Hapakuwa na pazia, ni geti bovu tu lililowekwa katikati ya bustani na kibanda cha mlinzi kando yake. Kulikuwa na upepo mzuri. Mtu aliuza karanga. Mama Selpher alivua raba, akazipanga pembeni, akanyoosha miguu kama aliye nyumbani kwake.

Kisha mlinzi akatoka kibandani, watu wakacheka kabla hajasema neno.

Koti lilikuwa kubwa kumshinda. Ndevu zilikuwa nyeupe. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa unatupwa nje kidogo kila hatua, kama unaosukuma mlango, na Peres aliujua mguu huo kuliko alivyoujua wake. Alijifunika uso kwa karatasi ya programu. Quincy alidhani anacheka.

Mchezo ulikuwa mtamu, ndilo lililomuuma zaidi. Mpangaji mgeni anamdhania mlinzi kuwa ndiye mwenye nyumba, anamlalamikia kuhusu bomba. Mlinzi hakanushi. Anatengeneza bomba. Anayefuata anamletea ugomvi wa kamba ya nguo, naye anausuluhisha. Kabla ya saa kupita jengo zima linamheshimu, na yeye ameanza kutembea kama mwenye nyumba kweli. Peres alitaka kumchukia mtu huyo, lakini kila mara alipokaribia, mzee alifanya jambo dogo kwa kofia yake na yeye akacheka pamoja na wengine.

Ikafika mahali mlinzi anawageukia watazamaji kuomba ushauri. Kuna mpangaji ana jogoo anayewika saa tisa usiku. Afanyeje?

Watu walicheka, hakuna aliyejibu. Mama Selpher alisimama, miguu mitupu.

"Muulize kwanza jogoo huyo analala wapi," alisema kwa sauti ya gwaride la asubuhi shuleni. "Jogoo akilala karibu na taa hudhani usiku ni mchana. Ahamishwe."

Mlinzi alivua kofia. "Asante, mwalimu."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Nimetaka kunyoosha mkono kabla ya kukujibu."

Bustani nzima ilipiga makofi. Mama aliketi, amefurahi mpaka akasahau kushusha gauni vizuri. Alimnong'oneza Peres kwamba mzee huyo ni mtu wa maana. Peres akasema ndiyo, Mama.

Matone ya kwanza yalianguka hapo hapo. Kufumba na kufumbua ikawa mvua kamili. Watu walibeba mikeka vichwani wakakimbilia hema la chai, waigizaji wakakimbilia humo humo, kwa sababu hema lilikuwa moja tu.

Peres alijipenyeza nyuma ya birika kubwa la chai. Kutoka hapo alimwona mzee akipita katikati ya watu, maji yanamtiririka kwenye ndevu, akienda moja kwa moja kwa Mama Selpher kumshukuru kwa habari ya jogoo. Aliwaona wakisalimiana kwa mikono miwili. Aliona Quincy akimletea mzee kikombe. Halafu akamsikia Mama akiuliza nyumbani ni wapi, na mzee akijibu kwamba ni Ugenya.

"Ugenya," Mama alisema. "Basi wewe ni mtu wetu. Peres, hebu njoo umsalimie mzee wa kwenu."

Hakukuwa na mlango wa nyuma kwenye hema. Peres alitoka.

Mzee alimtazama. Peres alikuwa amepewa jina la mamake mzee huyo, na inasemekana amechukua paji lake la uso. Alimtambua. Kisha Odero akaona macho ya binti yake, akaona jinsi yalivyojaa hofu, akayafuata hadi kwa kijana mpole aliyesimama hapo na hadi kwa yule mama. Miaka arobaini ya kusoma nyuso za watu ilimtosha.

"Hujambo, mama," alimwambia Peres, kama mgeni kwa mgeni.

"Sijambo, mzee."

Mama Selpher hakuona lolote. Alikuwa tayari anaeleza kwamba mwezi ujao wanakwenda Ugenya, na kwamba babake msichana huyu alifariki, na labda mzee alimfahamu. Aliitwa Odero Wasonga.

Mvua ilipiga turubai. Mzee aliweka kikombe mezani polepole.

"Nilimfahamu," alisema. "Alikuwa mtu wa kuzunguka sana. Watu walimpigia makofi kila mahali, naye akadhani hayo ndiyo maisha. Alikuwa na binti. Alimpenda, lakini kumpenda mtoto ukiwa Kisii na yeye yuko Kangemi hakumjazi mtoto tumbo. Kila mwaka alisema mwaka ujao atarudi. Halafu akaona aibu, na aibu ikampita umri."

Mama Selpher alitoa kitambaa. Akasema Mungu amlaze pema.

"Itabidi amsamehe kwanza," mzee alisema.

Mama alimshika mkono. Alisema kwamba Mungu ndiye aliyewakutanisha, kwa kuwa wanataka kulijengea kaburi la marehemu na hawana mtu wa rika lake wa kusimama nao siku hiyo. Je, angekubali kuja kusema maneno hayo hayo pale kaburini?

Odero alimtazama Peres. Ilikuwa ni juu yake kuamua, na mzee alimwachia. Peres alijua kwamba akitaka, babake atakwenda Ugenya, atasimama mbele ya rundo lolote la mchanga atakaloonyeshwa, na atajililia vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Alijua pia kwamba watu wataamini. Uongo ungepata simiti mifuko sita na usingevunjika tena.

Sentensi aliyoipanga usiku ilikuwa imepotea. Alitumia iliyokuwepo.

"Mama, hakuna kaburi. Huyu ndiye baba yangu."

Mama Selpher aliachia mkono wa mzee. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, bila haraka, kama anayesahihisha daftari.

"Basi wewe ndiye marehemu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimeshaagiza simiti."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka wote wanne. Peres alisema yaliyobaki kwa pumzi moja, mkahawa, tarehe ya kubuni, basi lisilobingirika, majaribio yake mawili ya kukiri. Aliyasema akimtazama Quincy. Quincy alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo alivyo.

"Yale maua nilikuwa nayachagua mwenyewe," alisema. "Nilikuwa naomba ruhusa kazini."

Akaweka kikombe chake juu ya meza, akasema samahani kwa mtu aliyekuwa amesimama njiani, akatoka kwenye mvua kuelekea lango.

Mvua ilikuwa inapungua. Mwanamke aliyeongoza mchezo alipiga kengele, akawataka watu warudi kwenye nyasi na waigizaji washike nafasi zao. Watu walianza kukung'uta mikeka. Odero hakuondoka. Alisimama kando ya binti yake, kofia mkononi.

Peres alimgeukia Mama Selpher akitarajia hukumu.

"Mimi nililetwa kuona mchezo, nitauona hadi mwisho," Mama alisema. "Nikikusemesha sasa nitasema vibaya. Mfuate mwanangu. Chukua mwavuli, si wangu lakini chukua."

Alimkuta Quincy langoni, ameegemea nguzo, shati limemganda mgongoni. Magari yalikuwa yanapita juu na chini ya barabara ya ghorofa iliyopita hapo mbele. Peres alifungua mwavuli juu yao wote wawili na Quincy hakusogea, wala hakuukataa.

Kisha Quincy akauliza, bila ukali, jinsi mtu anavyouliza njia.

"Na mamako?"

"Mamangu amefanya nini?"

"Uliniambia alikufa kwa saratani, mwaka mmoja kabla hatujajuana. Huyo naye yuko wapi?"

Peres alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Miezi saba alimuuguza mamake. Alimwogesha, alimbeba kutoka kitandani hadi kitini alipobaki mwepesi kama furushi la nguo, alimsuka nywele mpaka zikaisha. Kifo hicho ndicho kitu cha kweli kuliko vyote alivyokuwa navyo, na sasa kilikuwa mstari mmoja na basi lililobingirika.

"Alikufa kweli, Quincy."

"Nitajuaje?"

Peres aliinua mwavuli ili amwone usoni.

"Tarehe tatu Februari, kabla ya kupambazuka," alisema. "Nilikuwa nimeshika kichwa chake. Alizikwa kwao, kando ya ua wa boma, upande wa mashariki. Twende kesho ukitaka. Hilo kaburi lipo, nililipandia maua mwenyewe. Mama alikufa."

Quincy alinyoosha mkono kushika mpini wa mwavuli. Kama ni kumwamini au ni kumpokea mzigo tu, Peres hakuwahi kujua, kwa sababu macho ya Quincy yalikuwa yamehamia nyuma yake.

Aligeuka. Babake alikuwa amesimama kwenye kijia, hatua tano, na lile koti la mlinzi likivuja maji. Alikuwa amewafuata badala ya kwenda jukwaani. Katika miaka ishirini hakuna mtu aliyejua pa kumpelekea habari, na hakuna aliyekumbuka kwamba anastahili kuambiwa.

"Nani amekufa?" Odero aliuliza.

Peres alimwachia Quincy mwavuli.

"Veronicah?" mzee alisema. "Veronicah amekufa?"

Nyuma yake kengele ililia mara ya pili, na watu walioketi kwenye nyasi wakaanza kupiga makofi ya pamoja, wakimwita mlinzi wao atoke kibandani.